Upepo Kwanza, Salamu Nyuma

Alhamdulillahi. Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeupa upepo njia yake na mto kingo zake, akatubakiza hai sisi tuliokuwa wadogo miaka ile. Ndugu zangu wasomaji, mtanisamehe. Salamu zenu sijazisahau, nimeziweka mwishoni. Nyumbani kwetu ndivyo tulivyofundishwa, na sababu yake ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Enzi zetu hapa Kindu, wakati wa vita vya uasi, mtoto wa mtaa wetu wa Mikelenge alikuwa na kazi tatu: kwenda chuo cha Kurani asubuhi, kufukuza ndege kwenye mpunga, na kunyamaza Baba anapofungua foni. Chuoni tuliandika kwa wino wa masizi juu ya mbao, kisha tukaziosha, na maji yake meusi yakatuchafua mpaka kwenye viwiko. Mwalimu wetu hakuwa mtu wa fimbo nyingi, ila neno moja alilirudia kila siku: neno la mtu ni amana, ulifikishe kama ulivyolipokea. Sisi tulidhani anasema juu ya vitabu tu. Mimi nililifahamu vizuri zaidi kwa sababu ya foni.

Foni ni ile redio ya kusema na kusikia. Baba yangu alikuwa mtu wa posta, mpiga simu za maandishi. Posta ilipofungwa kwa sababu ya vita, alikusanya vyuma vya redio zilizokufa akaunda yake mwenyewe, kwa mapenzi tu, akavuta waya kati ya michikichi miwili nyuma ya jiko. Watu wakamwita Fundi. Askari walipokuja walizichukua redio za watu wengi. Ya Baba waliiacha kwa sharti moja: aifungue mara tatu kwa siku, na aseme habari za mvua na upepo, basi.

Na habari hizo zilikuwa uhai wa watu. Dhoruba zetu hutoka upande linakochomoza jua. Hupita mji wa Pangi kwanza, ndipo baada ya saa kadhaa huukuta mto hapa Kindu, na ole wake mwenye mtumbwi katikati. Pangi kulikuwa na mwalimu wa shule mwenye foni kama ya Baba, lakini sauti yake ilifia msituni. Ndiyo maana katikati ya njia, juu ya kilima, alikaa mganga mmoja wa dispansari, naye ana foni yake. Alisikiliza Pangi, kisha akayasema yale yale kwa Kindu. Akasikiliza Kindu, akayasema yale yale kwa Pangi. Jina lake la kweli nililijua nikiwa mkubwa. Sisi watoto tulimwita Papa Rudilia, maana kazi yake ilikuwa kurudilia, yaani kurudia maneno. Hakuongeza neno, hakupunguza. Pangi ikikohoa, nadhani naye angekohoa.

Tulicheza mchezo wake. Mikebe mitatu ya maziwa, kamba ya raffia, mmoja Pangi, mmoja kilimani, mmoja Kindu. Yule wa kilimani akiongeza neno lake, anatoka na anakwenda kutwanga sombe, majani ya muhogo, pamoja na wakubwa. Wengi walitwanga sana.

Batri ndiyo ilikuwa shida. Mafuta ya jenereta ya kuijaza kwenye karakana yalipatikana kwa bahati. Kusikiliza kulikula moto wa batri kidogo, kusema kulikula sana. Basi Baba alisema kwa maneno machache, kama mtu anayegawa chumvi.

Siku ninayoikumbuka, Mama alikuwa amevuka asubuhi kwenda ng'ambo, Alunguli, kutafuta unga wa muhogo na mawese. Alisema atarudi baada ya sala ya adhuhuri. Na kumbukeni, Papa Rudilia alikuwa hajasikika wiki mbili. Vita ilikuwa imepita kilimani kwake, na Baba alikuwa amekwisha kumwombea dua kama tunavyowaombea marehemu.

Adhuhuri ile Baba akafungua foni, na ile sauti ikatoka. Nilimwona Baba akishika meza kwa mikono miwili. Badala ya kuuliza upepo, akauliza, "Ndugu yangu, uko mzima?" Yule akajibu kuwa yuko mzima, walilala porini, Mungu aliwalinda. Baba akauliza mke. Akauliza watoto, mmoja mmoja kwa jina. Kwetu, mnajua, mtu aliyetoka katika kifo humkatizi salamu, ni kama kumtukana. Naye Papa Rudilia akajibu zote, kisha, kwa adabu, akauliza za kwetu: Fundi, Mama, watoto, mpaka mbuzi. Baba akajibu zote. Mimi nilikaa mlangoni nikiiangalia taa ndogo ya foni. Ilikuwa ya njano, ikawa nyekundu, na sikuthubutu kusema wakubwa wakiongea.

Kisha Papa Rudilia akasema, "Sasa Fundi, sikiliza. Pangi anasema..."

Taa ikazimika.

Baba akafunga swichi, akafungua, akapuliza nyaya. Kimya. Nje, jua lilikuwa kali, mbingu ya Kindu safi kama sahani iliyooshwa. Kivukoni kulikuwa na mti mrefu wa kupandishia kitambaa chekundu. Kikipanda, hakuna mtumbwi unaoondoka. Baba hakuwahi kukipandisha bila neno la Pangi, na kwa sababu hiyo watu walikiamini. Akipandisha kwa kubahatisha na upepo usije, kesho nani atamsikia? Asipopandisha, Mama yuko ng'ambo.

Akavaa kofia yake, akanishika mkono, tukashuka mtoni. Hakugusa kitambaa. Alikwenda kwa Papa Amisi, mkubwa wa wapiga makasia, akamwambia mbele ya watu wote: "Pangi alikuwa na neno leo. Sikulisikia. Nilikuwa ninasalimia, batri ikakufa. Kosa njo yangu. Upepo iko ama haiko, sijui."

Sijawahi kusahau. Mtu mzima, fundi anayeheshimiwa, anasema sijui mbele ya wauza samaki.

Papa Amisi akaitazama mbingu, akamtazama Baba. Akasema mtu wa Pangi hafungui kinywa kwa bure, basi tungoje. Akapiga ngoma ya mbao, ng'ambo wakajibu kwamba wamesikia, na mitumbwi ya pande zote mbili ikafungwa. Jua likaendelea kuwaka. Samaki wakaanza kunuka. Watu wakachoka, na maneno yakaanza. Kijana mmoja mpiga kasia akamwuliza Baba, "Fundi, ule upepo yako imepita wapi? Ama nayo inasalimia watu njiani?" Wakacheka wote. Baba naye akatabasamu, midomo ikisoma dua.

Upepo ulikuja watu wakingali wanacheka. Kwanza michikichi ya Alunguli iliinama yote pamoja, kama watu katika rukuu. Kisha mto ukawa mweupe, na ng'ambo ikapotea. Mtumbwi mmoja mtupu ulikatika kamba, tukauona ukipinduka mara mbili kama ganda la njugu. Hakuwamo mtu ndani.

Mama alivuka jua likikaribia kuzama, kitenge kimeganda mwilini, unga umekuwa uji. Alikuwa amekwisha kuambiwa kila kitu. Akamtazama Baba, akamwita kwa jina langu, akasema kwa upole, "Baba Zaina, salamu iko muzuri. Lakini siku ingine, upepo kwanza, salamu nyuma."

Siku ya nne batri ikajazwa. Papa Rudilia alipoitika, hakusalimu. Alisema, "Fundi, iko neno la siku ile. Pangi anasema: upepo mukubwa, mabati inaruka, mitumbwi ingoje." Dhoruba ilikuwa imepita siku tatu. Lakini neno lilikuwa amana mkononi mwake, alikuwa hajalifikisha.

Leo mjukuu wangu ana simu inayojua mvua kabla ya mawingu. Si vibaya, nami namshukuru Mungu kwa hiyo simu, maana ndani yake ninasikia sauti ya binti yangu aliye Kinshasa. Lakini mwezi uliopita alituma kwa watu mia habari ya dhoruba inayokuja Kindu, na picha ya mawimbi na minazi. Soko likakimbia. Mimi tangu nizaliwe sijaiona bahari Kindu. Nikamwuliza alisikia kwa nani. "Imetumwa tu, Koko," akasema. Na yale maneno "kimbieni sana"? Hayo aliongeza mwenyewe. Siku zetu angetwanga sombe mwezi mzima.

Siku hizi kila mtu amekaa juu ya kilima na kila mtu anarudilia. Ninachokitamani ni yule mmoja aliyelibeba neno siku tatu bila kulimwaga, na yule mwingine aliyeweza kusema, sijui.

Neno langu limefika. Sasa salamu. Hamjambo, ndugu zangu? Wazee wenu wamelalaje? Na watoto, mmoja mmoja kwa jina? Mwenyezi Mungu awavushe nyote salama, mtumbwi kwa mtumbwi, mpaka ng'ambo. Amina.