Tundu ya Bleu

Kwenye kioski kimoja cha kuskani picha, mtaa wa Kadutu, mashine ilikuwa inavuta picha kuingiza kwa kompyuta polepole, mstari kwa mstari. Maman mmoja wa Katana alikuwa ameiinamia. Ile ndiyo picha pekee ya marehemu bwana yake. Binti yao anaolewa kesho Kinshasa, anataka sura ya baba mezani. Na taa zilishaanza kupepesa, courant, umeme wetu, iko karibu kukatika.

“Ndugu, haiwezi kukimbia?”

“Inaweza, maman,” mwenye kioski akajibu. “Waya ya mashine niliitia kwa tundu ya zamani ya kompyuta. Tundu ya mbio ni hii ya bleu, rangi ya buluu, lakini simu ya papa huyu mzee wa kwenye benchi iko inachaji hapo.”

Kwetu, penye courant, kila mtu huchomeka simu. Papa akainuka kwenye benchi bila kuombwa, akachomoa yake. “Bibi-arusi kwanza.”

Mwenye kioski akahamisha waya kwa ile ya bleu, akaanza upya; mara moja picha ikaingia yote, ikatumwa Kinshasa. Kisha courant ikaenda, simu ya papa ikabaki bila chaji. Maman akamnyoshea simu yake mwenyewe: “Kamata, papa, pigia nyumbani.”

Tunalalamika mashine zetu ni za polepole. Kumbe njia ya mbio tunayo, ila tumeikalia. Ilitosha mmoja ainuke.