Mkanda wa Kati

Kwa miaka tisa nilitengeneza pikipiki za theluji na sikuwahi kuona hata moja ikitembea. Karakana yetu iko Al Quoz, huku Uarabuni, kati ya ghala la vigae na watu wa kuchomelea mageti, na kazi yake kubwa ni magari madogo ya kuchezea jangwani. Lakini wako matajiri wenye nyumba kwenye milima ya nchi ya Georgia, na hao hutuletea mashine zao za theluji zifanyiwe huduma kabla ya kusafirishwa. Tunainua mashine kwenye stendi, tunawasha injini, mkanda mpana wa mpira ulio chini yake unazunguka hewani, tunazima. Khalas. Nje lami inanata kwenye soli za viatu.

Mwaka jana tajiri mwingine wa aina hiyo, mgeni kwetu na kwenye theluji, alikuja tumwagizie mashine mpya ya mlimani. Akasema pia kwamba angechukua fundi mmoja kutoka kwetu, akae naye kule majira yote ya baridi. Arbab wetu, mwenye karakana, alikubali, akamwachia achague mwenyewe: mimi au mwenzangu. Viza yangu ilikuwa inaisha mwezi wa nne, na kwa umri wangu arbab alikwishaniambia hataiongeza. Nilikuwa narudi Same moja kwa moja. Nisipokwenda mlimani msimu ule, nisingekwenda tena. Niliitaka safari ile kuliko nilivyopata kutaka kitu chochote tangu nivuke miaka hamsini.

Mwenzangu alikuwa Mkenya wa Nyahururu, mtu wa miaka arobaini na kitu. Nilimkuta akilinda ghala la vigae. Siku moja nikamwona akifungua jenereta lililokufa na kuliwasha, nikamwombea kazi kwa arbab. Nilimfundisha kila nilichokijua. Tulikaa chumba kimoja International City, tulipanda basi moja asubuhi, tulipika sufuria moja jioni. Yeye aliniita mzee. Mimi nilimwita mwanafunzi, hata mbele za watu, hata baada ya miaka mitano. Nilidhani anaupenda utani ule.

Kwa wateja tulizungumza Kiingereza, na Kiarabu kidogo cha karakana. Kiswahili kilikuwa chetu wawili. Tulisema humo chochote, hata mteja akiwa amesimama hatua mbili kutoka tulipo. Tulimcheka huyu kwa tumbo lake, yule kwa manukato yake. Miaka yote hiyo hakuna aliyegeuza shingo, na mimi nikasahau kabisa kwamba mji huu umejaa watu ambao mama zao au bibi zao walitoka Unguja.

Yule mteja alikuwa mnene, mpole, mwenye kanzu safi na maswali mengi. Alikuja mara ya kwanza, akaja ya pili, na mara ya tatu alitaka tumalize habari ya mkanda. Mashine aliyoipenda ilikuwa na mikanda ya urefu wa aina tatu: inchi mia na arobaini na sita, mia na hamsini na nne, na mia na sitini na tano. Inchi hizo ni za mzunguko wote, kama kiuno cha suruali. Mkanda mrefu unaelea juu ya theluji laini na kupanda mlima mkali, lakini ni mzito kugeuka. Mfupi unageuka upesi, ila mtu mzito akisimama unamzamisha. Wa kati uko katikati kweli.

"Wewe ndiye mkongwe hapa," aliniambia kwa Kiingereza. "Rafiki zangu wote wananiambia nichukue ule mrefu kabisa. Unasemaje?"

Niliona anavyoutaka. Nikaiona na safari yangu.

"Mrefu, sir," nilisema. "Umechagua vizuri."

Akashukuru, akaanza kutazama picha kwenye simu yake. Mwenzangu akanisogelea.

"Kwani hiyo ndefu iko sawa, mzee?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Mwache achukue treni lake," nikasema. "Huyu bado mgeni wa mlima. Kwenye miti ile litakwenda mbele tu. Akitaka kugeuka atamwita mama yake."

"Sasa wewe ungempea gani?"

"Wa kati. Unabeba lile tumbo na unageuka. Hata wewe mwanafunzi unajua."

"Na mbona humwambii?" Alikuwa anacheka.

"Nimwambie ili iweje? Tajiri akishapenda kitu unasema yes sir, unapanda ndege. Mimi nakwenda kuona theluji, bwana wee."

Mteja alirudisha simu mfukoni.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema.

Mdomo wangu ulijibu wenyewe: "Marahaba." Ndipo nikasikia nilichokijibu.

"Mie nimekuuliza kwa moyo safi," aliendelea, kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko changu. "Mbona ile kweli umempa huyu, mie ukanipa uongo?"

"Samahani sana, bwana. Ulikuwa utani."

"Tumbo ni langu, nimeshazoea kutaniwa. Na huyo mama unayesema nitamwita yumo garini hapo nje, nikimwita anasikia. Lakini huo mkanda si utani. Ningekwenda kujibamiza mtini, na wewe ungekuwa umesimama unanitazama."

Nikamgeukia mwenzangu, nikitegemea kukuta mtu aliyeshtuka kama mimi. Alikuwa anafuta spana, na ile spana ilikuwa safi. Hakuinua uso. Hapo nikajua.

Jioni ile tulikaa kiti kimoja kwenye basi kama kawaida yetu.

"Ulijua," nilimwambia.

"Nilijua, mzee."

"Tangu lini?"

"Wiki iliyopita. Nilipelekea mamake maji kwa gari. Akaniambia, ahsante mwanangu. Tukaongea kidogo. Ni mama mpoa sana."

"Ukaninyamazia wiki nzima?"

"Ningekwambia, ungeenda wewe. Kila mtu alijua utaenda wewe."

"Na yale maswali? Uliniuliza makusudi."

Alitazama nje. "Niliuliza tu, mzee. Majibu yalikuwa yako."

Nilimwita msaliti, nikamwita na majina mengine ambayo sitayaandika. Nilimkumbusha ghala la vigae. Alisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba ana miaka arobaini na mbili na watoto watatu, na amechoka kuitwa mwanafunzi. Wiki ile akahamia kwa Waganda wa ghorofa ya chini.

Nimekuwa na muda mrefu wa kulitafakari jambo hili. Alinitegea, na siwezi kusema vinginevyo. Aliujua mtego ulipo, akanishika mkono, akaniongoza hadi pale. Lakini hakunifundisha kusema uongo. Uongo ule niliusema kabla hajafungua mdomo wake, kwa mtu aliyekuwa ameniomba ushauri na ambaye angepanda juu ya mashine ile na mwili wake. Vijembe mteja angenisamehe, naamini hivyo. Kile kingine hakukisamehe, na mimi nisingekisamehe.

Mteja aliagiza mkanda wa kati. Siku ya kufunga mashine kwenye kreti alinikuta peke yangu, akaniuliza kama kuna jambo jingine anapaswa kulijua. Nilimweleza kila kitu: asiikimbize muda mrefu kwenye barafu ngumu, kwa sababu injini hupozwa na theluji inayorushwa na mkanda, asisimame katikati ya mteremko, asipande mahali ambapo wenyeji wanakataa kupanda. Alisikiliza vizuri, akanipa mkono. Nilitumaini angebadili nia, anichukue mimi. Alimchukua mwenzangu.

Januari nilipata video kwenye simu, haina salamu. Mashine ilikuwa inapanda mlima, theluji inaruka nyuma yake kama unga kinuni, na ule mkanda niliouona miaka yote ukizunguka bure ulikuwa unashika kitu. Niliitazama nikiwa nimesimama karibu na stendi, na nilipoimaliza nikaianza upya. Chini yake alikuwa ameandika: "Mzee, mkanda unaruka meno tukipanda. Nikaze?"

Jibu nililijua: mkanda ulikuwa umelegea, na ukiruka meno kwenye mteremko huweza kumwangusha mtu. Nikaiweka simu mfukoni. Nilitaka aonekane hajui kazi, mteja ajute, aseme laiti ningemleta yule mzee. Nilikaa na jibu lile siku nzima, na lilikuwa la mstari mmoja. Kesho yake asubuhi, nikiwa kwenye basi, nikakumbuka kwamba anayekaa juu ya ile mashine ni yule mteja. Nikaandika: kaza kidogo kidogo, pande zote mbili sawasawa, endesha, kisha pima tena.

Akanitumia alama ya kidole gumba.

Baadaye nilisikia kwamba siku ile niliyonyamaza walipanda vivyo hivyo, mkanda umelegea, na hakuna aliyeumia. Nilimshukuru Mungu. Mwenzangu hajui kwamba ujumbe wake niliusoma dakika ile ile alipoutuma.