Tenga Lilipogeuka Kilo

Kilichoninyima usingizi wiki ile ni swali moja: ahadi niliyoitoa kwa mdomo tu, nimesimama juu ya kreti la soda, ilinifunga au haikunifunga?

Nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi kijijini kwetu Mgwashi, nikakitengenezea chama chetu cha wakulima wa mboga programu ndogo. Mkulima alituma ujumbe wa simu, "KABICHI 4", nayo ikajua kuna matenga manne ya kufuatwa na lori. Siku ya kuizindua niliwaambia, "Mlichojifunza leo hakitabadilika." Wakapiga makofi. Mpaka leo nayakumbuka makofi yale, na ukungu ulioshuka hadi migombani, na kinamama wakijaribu kuandika ujumbe huku wakichekana kwa Kishambaa.

Kisha akaja mnunuzi aliyetaka hesabu ya kilo. Kwetu hakuna apimaye kabichi kwa kilo. Tunajaza tenga mpaka lifure juu, basi. Lakini mimi, kwa usomi wangu, nikatoa toleo jipya lililosoma namba ileile kuwa kilo. Nikabandika tangazo ofisini, nikaona inatosha.

Shangazi yangu akatuma "KABICHI 6" kama kawaida. Programu ikasoma kilo sita, ikaona ni kidogo mno, lori likapita bila kusimama. Kabichi zikakaa siku tatu kando ya barabara.

Nilimkuta akibandua majani yaliyooza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, msomi. Pita na bandani, ng'ombe wanakushukuru kwa chakula."

"Nilibandika tangazo, shangazi."

"Mimi nilikusikia ukisema tulichojifunza hakitabadilika. Sasa nishike lipi, neno lako au tangazo lako?"

Majirani zake wawili walikuwa wameshaacha kutuma ujumbe. Wengine wangefuata, na lori lisingejua pa kusimama. Niliwaza: nikirudisha ya zamani, mnunuzi je? Nikiwafundisha upya, mwakani nitawafundisha tena?

Asubuhi iliyofuata nilikaa kwenye kompyuta ya chama. Namba peke yake nikairudisha kuwa matenga, na programu yenyewe imkadirie mnunuzi kilo zake. Anayetaka kutaja kilo aongeze neno "KILO". Juu kabisa ya maandishi ya programu nikajiandikia sharti: neno lililokwisha kufundishwa halibadilishwi maana; jambo jipya lipewe neno jipya.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, nilisimama uwanjani nikawaambia kosa lilikuwa langu, na kwamba ujumbe wao wa matenga unafanya kazi kama walivyoujua.