Landrova Iliyotolewa Klachi

Mume wangu alipokatwa mguu wa kushoto, chini kidogo ya goti, neno lake la kwanza alipozinduka halikuwa la kumshukuru Mungu, wala la kuniulizia mimi niliyekaa kwenye benchi la wodi siku tatu. Alisema, "Sasa klachi nitakanyagaje?" Nilimtazama nikashindwa nicheke au nimzabe kibao. Mgonjwa hapigwi, nikaacha.

Kisukari kilikula kidole, kikala kisigino, daktari akasema mguu uondoke ili mtu abaki. Na mtu alibaki, mzima, mkaidi vilevile. Lakini gari lake lilikuwa Landrova ya zamani, ya kukanyaga klachi na kubadilisha gia kwa mkono. Aliinunua kwenye mnada wa magari chakavu enzi zile akiwa bwana mifugo, akaihangaisha kwenye tope la Magindu kutibu ng'ombe za watu. Gari la aina ile linataka miguu miwili.

Tena halikuwa gari la kuwaka kistaarabu. Stata yake haijaaminika tangu nilijue. Kwa hiyo mume wangu alikuwa haegeshi mahali tambarare. Popote alipofika alitafuta mteremko, akalielekeza pua chini, na wakati wa kuondoka aliliachia lijiburuze, akaweka gia ya pili, akaachia klachi, likakohoa na kuwaka. Pasipo na mteremko tulisukuma. Hapa kwetu Picha ya Ndege, Kibaha, majirani wanaowahi basi za mjini walikuwa wanaweka mikoba chini, wanasukuma, wanaokota mikoba yao na kwenda zao bila hata kuombwa. Mimi ni mwalimu mstaafu, mtu na heshima zangu, lakini gari lile nimelisukuma nikiwa na mimba ya miezi saba. Nimelisukuma na nguo ya harusi ya dada yangu, tukafika ukumbini nina oili mpaka kwenye kilemba.

Kumbe klachi haikuwa shida yenyewe. Shida ilikuwa mama yake.

Mama mkwe wangu anakaa ndani kidogo ya Maneromango, huko Kisarawe, na mume wangu ndiye kifungua mimba wake. Kila mwezi alikuwa anakwenda kumwona. Mguu ulipokatwa alituapisha, mimi na mdogo wake, tusimwambie. Mama ana presha, alisema, habari kama hiyo itamuua. Tukamwambia mama kwamba mwanawe ana kidonda, kinapona taratibu. Miezi sita tunamwambia kinapona taratibu! Mama akipiga simu ananiuliza mimi, "Kidonda gani hicho kinamzuia mtu kuja kwao?" Nikawa sina pa kuweka uso wangu.

Nikamwambia mume wangu akodi gari aende. Akakataa. "Nikishuka kwenye gari la mtu na magongo, atajua kabla sijamwamkia. Lakini nikiwa kwenye usukani wangu ataona uso na kifua, basi. Nitamwamkia dirishani, nitampa vitu vyake, nitageuza."

"Yaani unataka kumficha mama yako mguu ndani ya gari?"

"Ndiyo."

"Akili nayo wameikata?"

Nililitamani lirudi mdomoni neno lile, maana aligeukia ukutani na mabega yakaanza kutikisika. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya mguu wenyewe. Nikaelewa kwamba mtu huyu hatamwona mama yake tena mpaka aendeshe mwenyewe, na mama ana miaka themanini na kitu. Nikafunga kilemba nikaenda kutafuta fundi.

Mafundi watatu walinicheka. Mmoja aliniambia, "Mama, uza chuma chakavu hicho, mnunulie mzee oto ya Kijapani, isiyo na klachi." Wa nne hakucheka. Ana gereji ndogo ya mabati nyuma ya maduka ya barabarani, mtu mzima, mpole, kwao ni wafugaji waliohamia Magindu kutoka kaskazini. Alikuja nyumbani, akalizunguka gari mara mbili, akatandika gunia, akaingia chini yake. Alikaa huko mpaka nikadhani amelala. Alipotoka alimwendea mume wangu pale kibarazani, akainama kumwamkia.

"Shikamoo mzee. Hili gari mimi nimelisukuma nikiwa mtoto. Ng'ombe za baba zilikuwa zinakufa kwa ndigana, wewe ukaja na mvua inanyesha."

"Marahaba. Walipona?"

"Walipona kumi na moja." Akafuta mikono. "Nitaligeuza liwe oto."

Jamani, nimefundisha watoto miaka thelathini na mbili, najua mtu anayeijua kazi na anayeigiza kuijua. Yule anaijua. Alitafuta giaboksi ya oto kwenye gari la Kijapani lililopata ajali. Sasa uso wa giaboksi na uso wa injini yetu havikuwa vinakubaliana hata tundu moja. Akachukua boksi la sabuni, akalichana, akapaka grisi kwenye uso wa injini na kulibandika kadibodi pale, akaligongagonga kwa kiganja. Alipolibandua matundu yote yalikuwa yamejichora. Akafanya hivyo upande wa giaboksi. Karatasi hizo mbili ndizo alizompelekea mkereza vyuma amtengenezee bamba la kuviunganisha. Nilikuwa nakwenda gerejini kwake na kiti changu na chupa ya chai, nakaa kumwangalia. Alinieleza kila kitu kwa utaratibu, bila kunidharau: kwamba injini na giaboksi lazima vitazamane kwenye mstari mmoja, vikipishana hata unywele gari litatetemeka na siku moja litavunjika.

Alipokata shafti inayopeleka nguvu nyuma, ili aiunganishe upya kwa urefu mwingine, alipima kwa futi, akapima tena kwa uzi wa katani, kisha akaenda kunywa chai, akarudi akapima mara ya tatu. Mimi nataka amalize, yeye anapima.

Wiki ya tano uvumilivu ukaniisha. Nikaenda pale nikiwa nimewaka. "Fundi, mwezi umepita! Unatengeneza gari au unalea?"

Hata hakuinua kichwa. "Mwalimu, wewe ulikuwa unasahihisha madaftari kwa kuangalia jalada?"

Loo! Nilikaa kwenye kiti changu nikamimina chai, ya kwake na ya kwangu.

Siku aliyolikamilisha alilizungusha mtaani na watu wakapiga makofi. Mume wangu alikuwa kiti cha abiria, meno yote nje. Tukarudi gerejini, tukawa tunashukuru na kuaga. Fundi akabaki kwenye usukani, injini inaunguruma, anasikiliza.

"Linatetemeka," akasema.

Hakuna aliyesikia mtetemo wowote. Mume wangu alikataa kabisa. Fundi akaomba kikombe cha maji, akakiweka juu ya boneti. Tukainama wote. Maji yalikuwa yanachora viduara vidogo, vidogo sana. Kesho yake alishusha kila kitu chini, giaboksi, bamba, shafti, akaanza upya, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Gari lilikuwa linakwenda, tungeridhika na tungemwombea dua. Ilimchukua wiki nyingine nzima. Aliporudisha kikombe juu ya boneti maji yalitulia, naye akayanywa. Namheshimu mtu yule kuliko wakuu wote wa shule walionisimamia.

Kazi ya mwisho ilikuwa kuondoa pedeli ya klachi. Hiyo hakuigusa peke yake. Alimwita mume wangu, akamkalisha kwenye usukani, akasema, "Mzee, naomba ruhusa." Mume wangu alikuwa ameniambia kwamba kila akiiona pedeli ile vidole vya mguu usiokuwepo vinamwasha. Alitazama pembeni, akasema, "Toa." Fundi akaifungua, akaifuta vizuri kwa kitambaa na kumkabidhi mkononi. Nililia mbele za watu, na sikujali.

Kisha akatupa maonyo mawili. La kwanza, tununue betri mpya. La pili, gari hili sasa halisukumwi. "Oto haiamki kwa kusukumwa, mzee. Utalisukuma mpaka Morogoro na utafika nalo limelala." Mume wangu akaitikia kama mwanafunzi anayetaka kengele igongwe. Kuhusu betri alicheka. "Hii bado nzima. Na ikigoma, mimi nina vilima." Nikatazamana na fundi. Ningepaswa kugomba palepale, lakini nilikuwa nimechoka, na yeye alikuwa na furaha.

Daktari akamruhusu, ya leseni tukayamaliza, akafanya mazoezi wiki mbili kwenye uwanja wa mpira. Ndipo tukaondoka asubuhi moja. Tulipita Kisarawe mjini, tukashika vumbi la Maneromango, makorongo na mchanga. Kila gari lilipopanda ananiuliza, "Imebadilisha yenyewe, umesikia?"

"Nimesikia, baba watoto."

"Umesikia hiyo nyingine?"

"Nimesikia!"

Nilimwona amekaa wima, mkono mmoja kwenye usukani, na nikampenda upya, mzee yule na ubishi wake.

Mpango ulikuwa asizime injini. Tulikubaliana, na njiani nilimkumbusha. Tulifika, akaegesha penye mteremko, pua chini, kama kawaida yake. Mama alikuwa uani anamenya mihogo. Akanyanyuka, akanawa mikono, akaja polepole mpaka dirishani. Na mume wangu alipomwona, mkono ukaenda wenyewe kwenye ufunguo, akazima. Kwao mama haamkiwi injini inanguruma. Alilelewa hivyo, na miezi minane ya kupanga uongo haikuweza kushinda malezi yale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kidonda kimepona?"

"Kimepona, mama."

"Shuka basi."

"Nina haraka kidogo leo." Akampa sukari, mchele na doti ya khanga kupitia dirishani.

"Haraka! Miezi minane sijakuona, una haraka!"

Akageuza ufunguo. Gari likasema *kh*. Akageuza tena, likanyamaza kabisa. Uso wake haukuwa na wasiwasi, maana kilima alikuwa nacho. Akaachia breki ya mkono, gari likajiburuza kuteremka, akawa anahangaika na mkono wa gia, na ule mguu usiokuwepo nadhani ulikanyaga klachi isiyokuwepo. Tukafika bondeni kimya, pembeni ya mihogo. Vijana wa jirani walioijua Landrova ile tangu utoto wakaja mbio wakishangilia, wakalisukuma mbele na nyuma mpaka jasho likawatoka.

"Fundi alisemaje?" nikamuuliza.

Akageuza ufunguo tena, bure. Mazoea yana taabu.

Mama alikuwa anateremka kutufuata. Vijana wakampisha. Alifika, akafungua mlango wa mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, akatazama chini.

Nilingoja aanguke. Hakuanguka. Aliuliza, "Lini?"

"Miezi minane, mama."

"Uko wapi?"

Hatukumwelewa.

"Mguu. Nauliza uko wapi?"

"Ulizikwa, mama," mume wangu akasema. "Makaburini, Kibaha. Mdogo wangu na watu wa msikitini."

Mama alimpiga. Alimpiga begani kwa ile doti mpya ya khanga, mara tatu, huku machozi yanamtoka. "Mguu ule nimeuzaa mimi! Nimeutoa miiba, nimeufundisha kutembea. Umezikwa na mimi sikuambiwa! Nani aliyekupa ruhusa ya kunificha msiba wangu?"

Mume wangu alilia kwa sauti, mtu mzima mwenye wajukuu, mbele ya vijana wote wale. Nami niliona aibu, maana kiapo kile nilikishika miezi minane nikidhani namlinda mama, kumbe nilimnyang'anya haki yake.

Tulilala huko. Jioni mama alichemsha maji akamwosha kigutu mwenyewe, taratibu. Mimi nilikuwa nimekwisha kumpigia fundi. Kesho yake saa nne akafika na bodaboda, betri mpya ameipakata mapajani, vumbi mpaka kwenye kope. Alimwamkia mama, akafunga betri, gari likawaka mara moja. Hakusema "niliwaambia." Mimi ningelisema mara kumi. Yeye alinawa mikono, akala muhogo, akasifu chumvi.

Tulipokuwa tunaaga mama akatoka ndani amejitanda khanga safi, na mfuko mkononi. "Nipelekeni nikauone."

Akakaa mbele, jirani na mwanawe. Mimi na fundi tukabanana nyuma na kuku wawili. Njia nzima hakuna aliyeuliza kama gia imebadilika.

Makaburini Kibaha mume wangu alimwonyesha kwa gongo lake: kituta kidogo kando ya ukuta, majani yameanza kuota. Mama alichutama. Akang'oa majani, akasawazisha udongo kwa kiganja, akaomba dua yake mpaka mwisho. Kisha akakipigapiga kile kituta kwa vidole.

"Wewe umetangulia, sawa," akauambia mguu. "Lakini mwenzako usimwite."