Kiti cha Uvivu na Ushuru wa Njia

Barua ya chuo ilinikuta kwenye kiti cha uvivu, kibarazani kwetu, mtaa wa Ng'ambo, nikisubiri wateja wa asali wasio na haraka, kama mimi mwenyewe. Ilisema nimepata nafasi ya kusomea shahada ya biashara nchi ya mbali, yenye theluji, tena kwa ufadhili. Nijibu kabla ya Ijumaa. Siku ile ilikuwa Jumatatu.

Niseme ukweli: maombi niliyatuma kwa kuwa nilikuwa na uhakika wa kukataliwa. Nilimaliza kidato cha sita na alama nzuri na miguu mizito. Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya Nzega, na nilirudi siku hiyohiyo kwa kuogopa kulalia mto wa ugenini.

Nilimwambia mama. "Amua mwenyewe, mwanangu," akasema, akaendelea kuchambua mchele uliokuwa safi tangu asubuhi. Baba alishafariki, dada zangu wameolewa, nyumbani tumebaki wawili. Hapo nikaona sababu nzuri ya kubaki: mama. Nikaikumbatia.

Jumanne nilifikiria. Jumatano nilifikiria pia, baada ya chai.

Alhamisi alikuja jirani yetu, fundi cherehani, rika la mama. Yeye Mgogo, sisi Wanyamwezi, basi ni mtani wetu tangu enzi za misafara, babu zangu walipopita Ugogo na mizigo kwenda pwani na babu zake wakawatoza ushuru wa njia. Mtani anaruhusiwa kukusema mpaka msibani kwako, na kununa ni mwiko.

"Mtani, nasikia bado unafikiria."

"Nafikiria, mtani."

"Babu zako walikwenda pwani kwa miguu, pembe begani. Wewe unapelekwa kwa ndege na begi la nguo. Unafikiria nini?"

"Mama nitamwachia nani?"

"Ahaa. Hebu inuka hapo."

Nikainuka. Akakaa yeye. Kwenye misiba yetu watani humwigiza marehemu. Mimi nikaigizwa nikiwa hai. Alijinyoosha, akajikuna tumbo, akaita kwa sauti yangu iliyozeeka, "Mama, chai iko wapi?" Kisha akasimama, akapinda mgongo, akawa mama wa miaka tisini anayejikokota na kikombe. "Naleta, mwanangu. Umeshaamua?" Akarudi kitini. "Bado nafikiria, mama."

Mama, aliyekuwa pembeni na ungo wake, alicheka hadi ukamponyoka, mchele ukatapakaa. Nami nilicheka, maana ndiyo sheria. Lakini mama alipomaliza kucheka hakuinama kuokota. Aliniangalia.

"Na kweli nitaileta hiyo chai," akasema. "Ndicho ninachoogopa."

Siku zote nne nilijiona mlinzi wa mama. Sikuwa nimejiuliza chai ya asubuhi ile ilipikwa na nani, wala ya jana yake. Nikapiga magoti nikaokota mchele, punje kwa punje, na nadhani ndiyo kazi pekee niliyofanya wiki ile. Chuo nilikijibu palepale kwa simu, nimesimama, kwa sababu kiti kilikuwa na mtu.

Siku ya kuondoka mtani alijipanga mlangoni, mikono kiunoni.

"Hakuna Mnyamwezi aliyepita kwetu bure. Ushuru."

"Nina begi tu, mtani."

"Begi nenda nalo. Nataka kiti."

Nikamwangalia mama anitetee. "Mpe," akasema, "ni haki yake." Mtani hata hakukihamisha. Alikikalia palepale kibarazani kwetu, akanipungia mkono kama mwenye nyumba.

Sasa niko huku, nimevaa soksi mbilimbili, najifunza biashara na mto wa ugenini. Nikipiga simu jioni namsikia mtani nyuma ya mama, kwenye kiti changu, akidai chai.

"Na wewe unampelekea?" niliuliza juzi.

"Nani, mimi?" mama akasema. "Anachemsha mwenyewe. Na yangu ananiletea."