Kibanda Namba Kumi na Nne

Jumatatu, tarehe 3 Machi, Bi Pindo alifika ofisi ya soko jipya saa mbili kamili asubuhi, akaitwa dirishani saa sita na robo. Alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alilipata kwa pindo zake zisizofumuka. Alihitaji kibanda, kwani baraza aliloshonea lilikuwa libomolewe mwezi huohuo.

Karani alinakili anwani ya barua pepe kutoka kwenye simu ya Bi Pindo. Binti yake ndiye aliyemfungulia, yote kwa herufi za Kiarabu, maana mama hakujua kusoma nyingine. Tangazo la ukutani, lililoandikwa pia kwa herufi hizo, lilieleza kuwa majibu yatatumwa kwa barua pepe tu. Mfumo uliikataa anwani.

"Mama, hii haipiti. Leta ya herufi za kawaida."

"Kwangu hizi ndizo za kawaida, mwanangu. Barua zinanifikia kila siku."

"Za wengine. Za hapa hazitoki."

Fundi suti aliyesimama nyuma yake akadakia, "Tusubiri, jamani. Kompyuta inakwenda chuoni kwanza, ikajifunze alifu."

Foleni ikacheka. Bi Pindo naye akacheka kidogo, kwa adabu.

Karani alifanya kama walivyozoea makarani wote wa ofisi ile kila mfumo ulipowagomea: alijaza anwani ya ofisi, ambayo barua zake hazikufunguliwa na mtu, na ile ya kweli akaibandika kwenye sehemu ya maelezo.

"Tayari, mama. Subiri ujumbe."

Alisubiri. Kila alfajiri alifungua simu kabla ya kufunua cherehani. Aliporudi kuuliza, karani hakuinua macho.

"Ungepata, ungejua."

Baraza lilibomolewa. Fundi suti, aliyemfuata kwenye foleni, alipewa kibanda namba kumi na nne, akamwajiri Bi Pindo kumshonea vifungo.

"Karibu, bibi," alimwambia. "Vifungo havina herufi."

Mwaka mmoja baadaye mfumo ulirekebishwa, ukakubali anwani za herufi zozote. Anwani za kweli zilirudishwa mahali pake na kila ujumbe uliokwama ukatumwa upya. Asubuhi moja Bi Pindo alipokea barua tatu kwa mpigo, kwa herufi zake: hongera, umepata kibanda namba kumi na nne; thibitisha ndani ya siku saba; kibanda chako amepewa anayefuata, kwa kuwa hukujibu. Alizisoma zote ndani ya kibanda hicho, sindano ikiwa mdomoni.