Mwalimu Aliyetazama Miguu

Asubuhi ile Mwalimu alimimina chai vikombe viwili, akakaa barazani na mkate wake. Mumewe, fundi seremala, alikuwa pale pale anapiga randa mlango wa mtu.

"Fundi, maranda yako yameingia kwenye chai yangu tena."

"Kunywa tu. Ni mbao nzuri hiyo, haina sumu."

"Ningekuwa nakufa kwa maranda ningeshakufa mwaka ulionioa."

Mjukuu wa jirani akaingia na kitabu kwapani, akapanda kiti, akafungua ukurasa. Mwalimu hakumuuliza hata habari za kwao. Aliinama kwanza, akachungulia chini ya meza.

"Fundi! Kigogo."

Fundi hakuuliza cha nini. Alichomoa kipande cha mbao kwenye rundo la pembeni, kipande cha zamani chenye vanishi iliyobabuka, akakisukuma chini ya miguu ya mtoto.

"Bibi, mbona kila siku unatazama miguu yangu? Viatu vimetoboka?"

"Viatu vizima. Nataka vipate pa kukaa. Haya, soma."

Mtoto akasoma. Chai ikaisha. Fundi akamaliza mlango wake. Hakuna kingine kilichotokea siku hiyo, na ndiyo maana fundi anaikumbuka. Kesho yake Mwalimu aliamka na kifua kinambana, na wiki haikuisha akafariki.

Shuleni walikuwa wakimwita Mama Miguu. Watoto walimwita hivyo akiwa ameshageuka, walimu wenzake walimwita hivyo usoni, naye aliitika kote kote. Jina hilo lina kisa chake.

Maisha yake yote ya kazi alifundisha darasa la kwanza. Miaka ya mwanzo watoto walikaa chini, juu ya mikeka. Kisha shule ya wakubwa ikapata madawati mapya, ya zamani wakayaleta huku. Yalikuwa mazito, imara, yanang'aa. Mwalimu mkuu aliyapitishia kiganja moja baada ya jingine kama mtu aliyenunua ng'ombe.

Muhula haukuisha, darasa likaharibika. Watoto waliokuwa wakitulia mkekani sasa wanajipinda, wanateleza, wanapiga magoti juu ya benchi, wanafinyana. Madaftari yalikuwa kama kuku amepita na miguu ya matope. Mwalimu mkuu akamwita ofisini.

"Una wazito wa kichwa wengi mno, Mwalimu. Mwisho wa mwaka wasiofaulu tutawatenga. Kile chumba cha mafagio kinatosha."

"Watafundishwa na nani humo?"

"Tutaona."

Neno "wazito" ndilo lililompandisha presha. Alijua mtoto mdogo akishaambiwa ni mzito huwa anaamini, na akishaamini hata malaika ashuke na chaki hamtoi tena.

Jioni alirudi nyumbani uso umemkunjamana. Hakuvua hata viatu. Alijipakia juu ya meza ya kazi ya fundi, miguu ikining'inia, madaftari mapajani, akaanza kusahihisha huku akilalamika. Fundi alimwacha aseme. Baadaye alisogea, akatupia jicho. Kusoma hajui, alijua namba za futikamba tu, lakini mstari uliopinda anauona tangu akiwa nje ya mlango.

"Umelewa, Mwalimu?"

"Nilewe kwa nini?"

"Tazama mwandiko wako."

Akautazama. Alama zake za vema zilikuwa zimelala chali, herufi zimepanda na kushuka. Akatazama miguu yake. Ilikuwa imekufa ganzi. Akajaribu kusogea, akashika ukingo wa meza asianguke, kalamu ikamponyoka.

"Sijalewa," akasema taratibu. "Nimekaa tu."

Kesho yake hakufundisha kwanza. Aliinama chini ya kila dawati. Darasa zima hapakuwa na kisigino kilichogusa sakafu.

Akaenda kwa mwalimu mkuu kuomba miguu ya madawati ikatwe.

"Nikate mali ya shule! Nani atajibu?"

"Watoto hawafiki chini."

"Watakua."

"Watakua lini, na wewe unawapeleka kwenye mafagio mwisho wa mwaka?"

Mwalimu alirudi nyumbani, akamwambia mumewe yote, neno kwa neno, kisha akasema, "Nitengenezee dawati la mwalimu mkuu."

"La kipimo gani?"

"Akikaa asiguse chini. Kama wale watoto, si zaidi wala si pungufu. Nisije nikaambiwa nimemwonea."

Fundi akaenda darasani na futikamba, akapima goti la mtoto na benchi lake. Mwalimu mkuu hakumpima, alimtazama akipita uwanjani. Seremala haombi ruhusa kumpima mtu kwa macho.

Siku ya kikao cha wazazi, fundi alisukuma mkokoteni hadi shuleni, mzigo umefunikwa shuka. Mwalimu akalifunua dawati mbele ya watu.

"Mwalimu mkuu, tusaidie. Kaa hapa, unakili haya ya ubaoni wakati kikao kinaendelea."

Mwalimu mkuu alidhani ni heshima. Alirekebisha koti, akajaribu kukaa, akakuta lazima aruke kidogo. Akakaa. Viatu vyake vikawa vinabembea hewani. Akamgeukia fundi.

"Shemeji, hiki kiti mbona kirefu hivi?"

Fundi si mtu wa maneno. Siku hiyo alikuwa nalo moja.

"Utakua, shemeji."

Watu walicheka hadi mama mmoja akashikilia ukuta. Mwalimu mkuu akaanza kuandika kwa hasira. Haikuchukua muda akaegemea upande huu, akahamia ule, akakunja mguu mmoja chini yake, akaushusha. Sauti ikatoka nyuma, "Tulia, wewe mtundu!" Alipomaliza mstari wa mwisho alishuka akichechemea, akaliinua daftari na kulitazama mwenyewe. Halafu naye akacheka, ingawa kwa shida.

"Kateni," akasema. "Lakini mkiharibu, mimi sikuwepo."

Wazazi walileta misumeno. Fundi alipiga mistari, wengine wakakata, uwanja ukajaa vumbi la mbao. Vipande vya miguu alivikusanya, maana wapo watoto wafupi kuliko wenzao, nao wapate pa kukanyagia. Vilivyobaki alivileta nyumbani. Ndilo lile rundo la barazani.

Mwisho wa mwaka, wengi wa waliokuwa wamepangiwa chumba cha mafagio walipanda darasa na wenzao. Chumba kikabaki na mafagio yake. Fundi alinunua soda mbili. Ya Mwalimu ilikaa mezani hadi ikaisha gesi, kwa sababu alikuwa ameshika madaftari ya wale wachache ambao hawakupanda. Baadaye aligundua mmoja ana sikio bovu, akamhamishia mbele upande wa sikio zima. Mwingine alikuwa anakuja na njaa. Lakini jioni ile alikuwa hajajua lolote.

Baada ya maziko mjukuu wa jirani alikuja na kitabu chake kama kawaida, akapanda kiti.

"Babu, sasa nani atanisikiliza?"

"Mimi."

"Wewe si hujui kusoma?"

"Masikio ninayo."

Fundi akainama, akachungulia chini ya meza, akasukuma kigogo.

"Na nikikwama?"

"Tutatafuta kinachokukwamisha," fundi akasema. Alikuwa anaikumbuka ile jioni ya soda, alipomwambia mkewe aache uso huo, wameshinda, anywe. Mwalimu alijibu bila kuinua macho kwenye madaftari:

"Hawa hawajashinda. Basi kwao si viti, ni kitu kingine, na nitakitafuta. Wewe noa msumeno, fundi, huenda tukauhitaji."